Farasi Wasiosahaulika: Hotuba Juu ya Mabingwa wa Mbio za Kuruka Viunzi

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana, wapenzi wa michezo mliofika jioni hii,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo nimelipenda kwa miaka mingi. Niliombwa nizungumzie farasi wa mbio za kuruka viunzi wanaokumbukwa na mashabiki wa Uingereza na Ayalandi. Naona ni vyema nianze na swali ambalo kila mgeni wa mchezo huu huuliza: inakuwaje watu wazima wenye akili zao timamu waweke maua juu ya kaburi la farasi, au wabishane hadi usiku wa manane juu ya mnyama aliyeacha kukimbia kabla wao hawajazaliwa?

Jibu langu ni kwamba farasi hawa hupewa muda wa kujulikana. Wenzetu mnaotoka Nairobi mnaujua uwanja wa Ngong, ambako farasi hushindana kwa kasi juu ya nyasi bila vizuizi. Katika mbio za namna hiyo, farasi dume akiwa hodari sana huondolewa uwanjani akiwa na miaka mitatu au minne, kwa sababu mbegu yake ina thamani kubwa kuliko zawadi yoyote anayoweza kushinda. Shabiki humwona msimu mmoja au miwili, kisha hasikii habari zake tena isipokuwa kupitia watoto wake. Farasi wa kuruka viunzi, kwa upande wake, karibu kila mara huwa amehasiwa. Hana uzao wa kuuzwa, anachelewa kukomaa, na nguvu zake hufikia kilele akiwa na miaka minane au tisa. Kwa hiyo hurudi kila majira ya baridi, kwenye matope na ukungu, mwaka baada ya mwaka, mpaka watu wanamfahamu tabia zake kama wanavyomfahamu jirani yao. Wanajua anapenda uwanja upi, anachukia udongo wa aina gani, na atafanya nini akipitwa.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752, katika kaunti ya Cork nchini Ayalandi, mabwana wawili walishindana kwa farasi kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, wakielekeza macho kwenye minara ya makanisa hayo na kuruka kila ukuta, mtaro na ua uliokuwa njiani. Ardhi ya Ayalandi imeendelea kuzaa farasi wa kuruka tangu enzi hizo, na wawili kati ya wanne nitakaowazungumzia kwa kirefu walizaliwa huko.

Naanza na Arkle, kwa sababu bila yeye mazungumzo haya hayana kichwa wala miguu. Alizaliwa mwaka 1957, akanunuliwa mnadani mwaka 1960 kwa gini 1,150 (gini moja ni pauni moja na kidogo) na Anne, Duchess wa Westminster, ambaye alimpa jina la mlima uliopo Sutherland, kaskazini mwa Uskoti. Alilelewa na mkufunzi Tom Dreaper katika shamba lake la Greenogue, na mpanda farasi wake alikuwa Pat Taaffe. Alikuwa wa rangi ya kahawia, mwenye mwili wa kawaida tu, lakini alitembea ameinua kichwa na kusimamisha masikio, akiutazama umati kana kwamba ndiye aliyeualika. Chakula chake cha jioni kilichanganywa mayai na bia nyeusi ya Guinness, na Wairishi walilipenda jambo hilo kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu.

Umaarufu wake hauelezeki bila kumtaja mpinzani wake, Mill House. Huyu alikuwa pande la farasi, mzaliwa wa Ayalandi pia lakini aliyefunzwa Uingereza na Fulke Walwyn, na mwaka 1963, akiwa na miaka sita tu, alishinda Kombe la Dhahabu la Cheltenham, ambalo ndilo shindano kuu la mbio hizi, la umbali unaozidi kilomita 5. Waingereza waliamini kwamba kombe lile lingebaki kwake kwa miaka mingi. Novemba mwaka huohuo walikutana Newbury katika mbio za Hennessy. Arkle aliteleza alipotua baada ya kiunzi kimojawapo cha mwisho, na Mill House akashinda. Wairishi walisema ni kuteleza tu, Waingereza wakasema ni visingizio, na kwa zaidi ya miezi mitatu ubishi haukukoma.

Tarehe 7 Machi 1964, katika Kombe la Dhahabu, walijitokeza farasi wanne tu. Wengine hawakuona sababu ya kuingia. Mill House aliongoza tangu mwanzo, akiruka kwa nguvu na kwa uhakika, na Taaffe akamzuia Arkle nyuma yake kwa hatamu fupi. Walipokaribia kiunzi cha pili kutoka mwisho wakawa sambamba, na kwenye mlima ule wa Cheltenham unaokata pumzi Arkle akajitenga na kushinda kwa urefu wa farasi watano. Mwaka uliofuata alimshinda Mill House tena, safari hii kwa urefu wa farasi 20. Mwaka 1966 alikigonga kiunzi kimoja kwa kifua hadi umati ukapiga ukelele, lakini hakutetereka, akashinda kwa urefu wa farasi 30. Namhurumia sana Mill House. Angezaliwa miaka mitano mapema au mitano baadaye, huenda leo sanamu ingekuwa yake.

Naomba niseme kidogo juu ya uzito, kwa sababu hapo ndipo ukubwa wa Arkle unapoonekana. Katika mbio nyingi za aina hii farasi hodari hubebeshwa mzigo mkubwa kuliko dhaifu, ili wote wawe na nafasi ya kushinda. Vipande vya madini ya risasi huwekwa chini ya tandiko, na msimamizi wa uzito hukadiria kilo ngapi zitawasawazisha. Arkle aliuvuruga utaratibu huo. Nchini Ayalandi wasimamizi walilazimika kuandaa orodha mbili za uzito kwa mbio moja: moja itumike iwapo Arkle atakimbia, na nyingine iwapo hatakimbia. Sijui mwanariadha mwingine, mwenye miguu miwili au minne, ambaye kanuni za mchezo zilibadilishwa kwa ajili yake kwa namna hiyo.

Mbio zinazonionyesha utukufu wake kuliko zote ni zile za Hennessy za Novemba 1966, nazo alishindwa. Alibeba karibu kilo 16 zaidi ya farasi wa kijivu aitwaye Stalbridge Colonist, na akapitwa mwishoni kwa nusu ya urefu wa farasi. Wasiofuatilia walidhani bingwa amezeeka. Miezi michache baadaye Stalbridge Colonist aliingia Kombe la Dhahabu, ambako uzito ni sawa kwa farasi wa aina moja, akawa wa pili kwa tofauti ndogo kabisa. Maana yake ni kwamba farasi aliyekaribia kuwa bingwa wa nchi alihitaji nafuu ya kilo 16 ili ampite Arkle kwa nusu ya urefu wa farasi.

Tarehe 27 Desemba 1966, katika uwanja wa Kempton, Arkle alivunjika mfupa ndani ya ukwato katikati ya mbio. Hakusimama. Aliendelea kukimbia na kuruka kwa mguu uliovunjika, akaongoza, na akapitwa na farasi aitwaye Dormant karibu na mwisho, akamaliza wa pili. Mguu wake ulifungwa plasta, akalazwa bandani hapo Kempton kwa wiki kadhaa, na barua, kadi na zawadi zikamiminika kutoka kila upande, kwa sababu barua iliyoandikwa anwani ya "Arkle, Ireland" ilimfikia bila taabu. Hakukimbia tena. Maumivu ya miguu yalipozidi, alilazwa usingizi wa mwisho Mei 1970. Alikimbia mara 35 na kushinda mara 27, na alama 212 alizopewa na wakadiriaji wa Timeform, kampuni inayopima ubora wa farasi wa mbio, hazijafikiwa na farasi mwingine yeyote wa kuruka. Aliyemkaribia zaidi, Flyingbolt, alipewa 210, naye alikuwa wa Dreaper vilevile, katika shamba lilelile.

Sasa nije kwa Red Rum, ambaye habari zake ni za namna nyingine kabisa. Arkle alikuwa na kipaji kilichoonekana mapema, na tajiri wa kumsubiri. Red Rum alizaliwa mwaka 1965 kaunti ya Kilkenny, akauzwa kwa gini 400, akapita mikononi mwa mkufunzi huyu na yule. Mwaka 1972 alinunuliwa kwa gini 6,000 na Ginger McCain, mtu aliyejipatia riziki kwa kuendesha teksi na kuuza magari katika mji wa Southport, na aliyefuga farasi wake nyuma ya duka hilo la magari. Mwenye kutoa fedha alikuwa Noel Le Mare, mzee wa zaidi ya miaka 80, ambaye McCain alikuwa akimbeba kwenye teksi yake na ambaye ndoto yake ya maisha ilikuwa kushinda Grand National.

Asubuhi ya kwanza pale Southport farasi yule alionekana anachechemea, na ikafahamika kwamba alikuwa na maradhi ya mfupa wa ukwato, maradhi ambayo kwa kawaida humaliza kazi ya farasi wa mbio. McCain hakuwa na uwanja wa mazoezi wa nyasi kama wakufunzi wakubwa; alikuwa na ufuo wa bahari. Akaamuru farasi aingizwe majini. Red Rum alitembezwa katika maji baridi ya chumvi, na alipotoka hakuchechemea tena. Tangu hapo mazoezi yake yakawa ni kwenda shoti juu ya mchanga uliolimwa kwa trekta maji yalipokupwa, kisha kusimama baharini miguu ipoe. Mtu yeyote aliyekulia pwani ataelewa kwa nini habari hii inanigusa.

Grand National hukimbiwa Aintree, Liverpool, umbali wa takriban kilomita 7 na viunzi 30, vingine vikiwa na mitaro na miteremko inayomdanganya farasi asiyekuwa makini. Mwaka 1973 alikuwepo Crisp, farasi mrefu kutoka Australia, akiwa na mpandaji Richard Pitman na mzigo wa kilo 76, yaani zaidi ya kilo 10 juu ya ule wa Red Rum. Crisp aliruka siku ile kana kwamba viunzi vilikuwa vichaka vya bustanini. Katika mzunguko wa pili alikuwa mbele peke yake, akiwaacha wengine mbali kiasi kwamba sauti ya kwato zao haikusikika kwake. Baada ya kiunzi cha mwisho miguu yake ikaanza kulegea. Aliyumba upande mmoja, akajirekebisha, akayumba tena, na nyuma yake Red Rum, aliyepandwa na Brian Fletcher, akawa anakuja bila kukata tamaa, hatua kwa hatua, mpaka akampita hatua chache kabla ya mwisho. Wote wawili walivunja rekodi ya uwanja kwa sekunde 18 hivi. Muda wa Red Rum ulikuwa dakika 9 na sekunde 1.9.

Kwa siku nyingi baada ya hapo watu walimlilia Crisp na kumwona Red Rum kama mwizi. Mimi mwenyewe nikiitazama picha ya mbio zile bado natamani Crisp afike, ingawa namjua mshindi. Walipokutana tena Doncaster baadaye mwaka huo, wakiwa na uzito sawa, Crisp alishinda, na mashabiki wake wakapata faraja kidogo. Lakini Red Rum alijibu kwa njia yake. Mwaka 1974 alirudi Aintree akiwa yeye ndiye mwenye kilo 76, akashinda, na majuma matatu baadaye akashinda Grand National ya Uskoti. Mwaka 1975 na 1976 alikuwa wa pili. Mwaka 1977, akiwa na miaka 12, umri ambao farasi wengi wameshapumzishwa, alishinda mara ya tatu kwa urefu wa farasi 25, akiwa na Tommy Stack mgongoni. Hakuna farasi mwingine aliyewahi kushinda Grand National mara tatu. Aliingia mara tano, na mara tano alivuka viunzi vyote 30 bila kuanguka.

Miaka ile uwanja wa Aintree ulikuwa hoi kifedha, na kila mwaka ilisemekana kwamba hizo ndizo mbio za mwisho kabla ardhi haijauzwa kwa wajenzi. Naamini kwamba Red Rum ni miongoni mwa sababu zilizouokoa, kwa kuwa aliwapa watu wasiojali mbio za farasi sababu ya kujali. Baada ya ushindi huo wa tatu alifungua maduka, aliwasha taa za sherehe za Blackpool, na mwisho wa mwaka 1977 aliletwa studio ya BBC kwenye hafla ya wanamichezo bora. Tommy Stack alikuwa mbali, akizungumza kupitia kioo cha televisheni, na farasi aliposikia sauti yake alisimamisha masikio na kuitafuta. Mamilioni walikuwa wanatazama. Red Rum alikufa Oktoba 1995 akiwa na miaka 30, akazikwa Aintree karibu na nguzo ya kumalizia.

Desert Orchid, ambaye mashabiki walimwita Dessie, alipendwa kwanza kwa macho. Alikuwa wa kijivu, na kadiri umri ulivyosogea akawa mweupe, hivyo hata mtoto aliyekaa mbali uwanjani aliweza kumtambua. Bibi yake alikuwa farasi wa kupandwa mashambani aliyenunuliwa kwa pauni 175. Katika mbio zake za kwanza, Kempton mwaka 1983, alianguka vibaya kwenye kiunzi cha mwisho na kubaki chini kwa muda mrefu mpaka watu wakadhani amekufa. Akainuka. Miaka iliyofuata, katika uwanja huohuo, alishinda mbio kubwa za King George mara nne: 1986, 1988, 1989 na 1990. Alipenda kuongoza na kuruka akiwa mbali na kiunzi, kwa ujasiri uliowafanya watu washike roho mkononi.

Alikuwa na kasoro moja iliyojulikana na wote: alielemea kulia aliporuka, na kwa sababu hiyo alipenda viwanja vya kuzunguka kulia. Cheltenham huzunguka kushoto, na hapo alishindwa mara kadhaa. Machi 1989, siku ya Kombe la Dhahabu, mvua na theluji vilinyesha asubuhi, udongo ukawa kinamasi, na ilibidi uwanja ukaguliwe kabla ya kuruhusu mbio. Mkufunzi wake, David Elsworth, na mpandaji Simon Sherwood walijua kwamba kila kitu kilikuwa kinyume chake. Ilipofika njia ya mwisho, farasi aitwaye Yahoo, ambaye matope yalikuwa ndiyo furaha yake, akapita mbele. Dessie alichoka, kila mtu aliliona hilo, na bado akamrudia, akimsogelea Yahoo mpaka wakakaribia kugusana, kisha akampita kwenye mlima na kushinda kwa urefu wa farasi mmoja na nusu. Wazee walivua kofia zao na kuzirusha hewani. Mwaka 2005 wasomaji wa gazeti la Racing Post walizipigia kura mbio hizo kuwa bora kuliko zote katika historia.

Katika mbio hizohizo farasi Ten Plus, aliyekuwa akiongoza, alianguka na kufa. Nalisema wazi kwa sababu mapenzi ya mchezo huu hayaruhusu kufumba macho. Mwaka 1986 farasi jike Dawn Run, chini ya Jonjo O'Neill, alishinda Kombe la Dhahabu baada ya kuwa wa tatu kwenye kiunzi cha mwisho, akawa farasi pekee hadi leo kushinda kombe hilo na ubingwa wa viunzi vidogo, Champion Hurdle. Juni mwaka huohuo alipelekwa Auteuil, Paris, akaanguka na kufa papo hapo. Hakuwa na haja ya kwenda. Alikuwa amefanya kila kitu. Nafurahi kwamba viunzi vya Aintree vimelainishwa ndani, na kwamba idadi ya farasi katika Grand National imepunguzwa kutoka 40 hadi 34 tangu 2024. Naona kazi hiyo haijaisha.

Wa mwisho ni Kauto Star, ambaye vijana wengi hapa mlimwona wenyewe. Alizaliwa Ufaransa mwaka 2000, akafunzwa na Paul Nicholls huko Ditcheat, Somerset, akashinda Kombe la Dhahabu mwaka 2007. Mwaka 2008 alinyang'anywa na Denman, aliyelala katika banda la jirani yake kabisa, na mwaka 2009 akalirudisha, jambo ambalo hakuna farasi aliyewahi kulifanya kabla yake. Ilipofika 2011 alikuwa na miaka 11, alikuwa ameshindwa na kijana Long Run, na magazeti yalidai apumzishwe kwa heshima. Novemba mwaka huo, Haydock, Ruby Walsh alimwongoza mbele tangu mwanzo, na Long Run hakufua dafu. Mwezi uliofuata, Kempton, akamshinda tena Long Run na kutwaa King George ya tano, rekodi ambayo Desert Orchid hakuifikia.

Wapo humu ndani wanaoamini kwamba Kauto Star alimzidi Arkle, kwa kuwa farasi wa zama zake walikuwa wengi na wakali zaidi. Mimi siafiki, na sababu zangu mmezisikia katika habari za uzito. Lakini nimeona mikono imeshaanza kuinuliwa huko nyuma, na kwa idhini ya mwenyekiti, nakaa chini ili wenzetu wa Kauto Star waanze.